Mpangilio wa Anfal

Kompyuta ya Anfal haikuwa ya Anfal. Ilikuwa ya Mzee Pankaj, kama ilivyokuwa meza, kiti na mashine ya kuchapia kwenye hilo duka la kadi, ghorofa ya kwanza, Mchafukoge. Lakini mtu mwingine akikaa pale akaiwasha, alihangaika kama mgeni anayetafuta choo usiku umeme ukiwa umekatika.

Hakuipanga vile kwa ubaya, angalau mwanzoni. Kioo kilikuwa kimeungua upande wa juu, kikabaki na utepe mweusi usioonyesha kitu, basi ile safu ya vifaa vya kuchorea Anfal akaishusha mpaka chini. Herufi S iliuawa na chai ya tangawizi ya Ranjanben, mke wa Mzee, siku alipokuja kuangalia kadi ya mpwa wake, basi kusevu kukahamia kwenye kitufe kimoja cha juu kabisa pembeni, ambacho hakuna ajuaye kiliwekwa cha nini. Mchana jua lilipiga jengo la vioo la ng'ambo ya mtaa likamrudia machoni, basi programu nzima akaipaka kijani kizito. Rangi nazo alizipa majina wanayoyataja wateja wenyewe: damu ya mzee, ugoro, maziwa, kijani cha mgomba.

Halafu siku moja jamaa mmoja wa ukoo wa bosi alikaa pale kuchezachezea, akaharibu kadi za mchango za watu. Anfal aliingia kwenye mpangilio akaweka kwamba mtu akibonyeza vile vitufe wanavyobonyeza watu wote duniani kukopi, ukurasa mzima unafutika, na namna ya kuurudisha anaijua yeye peke yake. Hilo ndilo lililokuwa la ubaya.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Manan, mtoto wa Mzee Pankaj, aliporudi kutoka India alikosomea biashara. Mzee alimwachia duka, yeye akabaki kukaa karibu na dirisha na gazeti lake, akiitikia shikamoo. Manan hakuwa mtu mbaya. Ni kwamba hakuweza kukiona kitu kikienda bila kuuliza kwa nini kinakwenda. Aliuliza kwa nini mbunifu wa kadi ni mmoja tu na hakuna anayeweza kumshikia nafasi akiumwa. Asubuhi moja akaja na Pantaleo, kijana mcheshi aliyetoka chuo, akatangaza kwamba wote wawili watafanya kazi mpaka msimu wa harusi uishe, kisha atabaki mmoja, maana kazi yenyewe ni ya mtu mmoja.

Anfal alikiangalia kiti chake. Miaka yote alikuwa anakiona kiti tu.

Siku ya kwanza Pantaleo alikaa kwenye kompyuta ile, akatengeneza jina la bwana harusi vizuri sana, akataka kulikopi. Ukurasa ukawa mweupe. Akasevu, hakikusevu kitu. Akatafuta vifaa vya kuchorea juu, akaona weusi. Alimgeukia Anfal akamuuliza kwa upole kabisa, "Dada Anfal, hii mashine ina mwenyewe?"

"Utaizoea," alisema Anfal, akaendelea kukunja bahasha.

Kwa hiyo wiki zile za mwanzo alilala vizuri. Wakipokezana kompyuta ile moja, alitengeneza kadi mbili Pantaleo akihangaika na moja, na Manan alikuwa anaona. Kilichomkosesha usingizi ni tangazo lililofuata. Manan alisema Windows ile imezeeka, haipati tena marekebisho, siku yoyote virusi vitaingia na kubeba kadi zote za wateja. Zinakuja kompyuta mbili mpya zenye Windows mpya, na ile ya zamani fundi ataichukua akaifanye vipuri. Pantaleo alishangilia. Anfal alipiga hesabu moja tu kichwani: kwenye mashine mpya, isiyomjua mtu, yeye na Pantaleo watakuwa sawa. Na kwa usawa, Pantaleo alikuwa na kasi kuliko yeye. Hilo alishaliona kwenye vidole vya kijana huyo.

Shaibu fundi alikuja kutoka Mtaa wa Aggrey na begi lake la waya. Alihamisha kadi, picha na maandishi, akasema amemaliza, azime. Anfal akamwomba asubiri. Alimwuliza mpangilio wake ameuweka wapi.

Shaibu alimweleza, kama unavyomweleza mteja, kwamba kazi ni kitu kimoja na mpangilio ni kitu kingine. Kazi zinakaa kwenye mafaili na ameshazibeba. Mpangilio unakaa ndani ya programu yenyewe, kwenye kona iliyofichwa, na programu ya zamani haiendi kwenye mashine mpya. Kule kuna toleo jipya. Kwa hiyo mpangilio umekufa, na hakuna wa kulaumiwa. "Kwani mpangilio ni nini, sista? Utapanga upya. Si kama kupanga vyombo tu?"

Anfal alisema vyombo vyake hapangiwi na mtu. Alivuta kiti, akaifungua programu, akaanza kupekua orodha moja baada ya nyingine kwa subira iliyomfanya Shaibu aagize soda. Alipata mahali pa kuutoa mpangilio nje ukawa faili. Vitufe vikatoka na faili lao, rangi na lao, kurasa na lao. Akaviweka kwenye flashi, akavirudia kwenye simu, na kwa kuwa hakuiamini flashi wala simu, akaipiga picha kila sehemu ya kioo, hadi ule utepe mweusi.

Kwenye mashine mpya programu ilimwonya kwamba mafaili yale ni ya toleo la zamani, je, aendelee? Akaendelea. Kijani kizito kikatandaa. Rangi zikaja na majina yao. Kusevu kukapanda pembeni, na ile ya kufuta ukurasa ikakaa pale pale. Safu ya vifaa tu ndiyo iliyogoma, ikabaki juu kama ilivyotoka kiwandani. Anfal akaishika, akiangalia picha kwenye simu, akaishusha kwa mkono mpaka chini. Shaibu akaondoka na kompyuta ya zamani kwapani.

Hapo ndipo Manan alipopita, akasimama nyuma yake. Akauliza kwa nini vifaa viko chini.

Anfal alifungua mdomo aseme kioo kiliungua. Akakiangalia kioo kilichokuwa mbele yake, kipana, safi, hakina hata alama ya kidole. Akaufunga.

Manan alijijibu mwenyewe. Alisema ameshaelewa: macho yakiangalia chini shingo inapumzika. Kijani nacho ni rangi ya kutuliza akili, hilo walifundishwa. Kusevu kuko mbali ili mtu asisevu ovyo kabla hajakagua kazi. Alipojaribu kukopi na ukurasa ukafutika, Anfal alijua amekwisha. Manan alitikisa kichwa kwa heshima. Akasema hiyo ndiyo akili kuliko zote, maana inamlazimisha mtu afikiri kabla ya kukopi kazi ya mwenzake. Akauliza ni nani aliyemfundisha mfumo huu.

Anfal alisema ulijitokeza tu, kidogo kidogo. Na hakudanganya.

Mchana ule ule Manan aliamuru mfumo uwekwe kwenye kompyuta zote mbili, na mtu asiuguse. Mzee Pankaj, aliyeijua chai ya mkewe ilikomwagikia, alishusha gazeti, akamwangalia Anfal, akalipandisha tena.

Basi Pantaleo, aliyekuwa amengoja mashine mpya kama mtoto anavyongoja Iddi, akapewa kioo kizuri chenye vurugu zile zile. Alinuna siku nzima, kisha akaanza kujifunza. Anfal naye aligundua jambo ambalo hakulitegemea. S ilikuwa inafanya kazi. Mkono wake uliiona S ikiwa nzima, karibu, inamngoja, nao ukalazimika kupanda mpaka pembeni. Shingo ikaanza kumuuma kwa kuangalia chini. Wote wawili wakawa wa pole pole, na kadi zikaanza kupanga foleni: mchango wa Ilala, mwaliko wa Kigamboni, na kamati moja ya Kariakoo iliyokuwa inapiga simu kila asubuhi.

Siku moja Manan alikuwa ametoka na Pantaleo ameshuka kula. Anfal akauondoa mpangilio wake, akairudisha programu kama ilivyotoka kiwandani. Ajaribu tu. Kadi ya Kigamboni, yenye ramani ya ukumbi na majina ya wazazi pande zote, ilikwisha kabla hajachoka kukaa. Akafanya ya pili. Alipogeuka, Pantaleo alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa chipsi, anaangalia mahali vifaa vilipo.

Alikwenda kukaa kwenye kiti chake, akala chipsi moja moja. Anfal akaurudisha mfumo.

Msimu ulipoisha Manan aliwaita wote wawili, Mzee akiwa pale pale dirishani. Alisema alipanga abaki mmoja, lakini amezitazama kadi zilizopanga foleni na anaona kazi imeongezeka sana tangu mashine mpya zije, jambo ambalo ni la kumshukuru Mungu. Hata hivyo baba yake anamwambia kazi ni ile ile. Kwa hiyo anataka jibu la kweli kutoka kwa mwenye mfumo.

"Anfal, mtu mmoja anaweza kazi hizi peke yake?"

Anfal aliliona jibu lote. Angesema anaweza, wakauondoa ule upuuzi, na kweli mmoja angetosha. Na huyo mmoja hangekuwa yeye. Pantaleo alikuwa anaangalia viatu vyake, na ilikuwa wazi kwamba naye amelipiga hesabu hilo, ila hakuwa na uhakika jibu lake lilianguka upande gani.

"Hawezi," alisema Anfal.

"Hata kidogo, bosi," alisema Pantaleo. "Kwa mfumo huu, labda tungekuwa watatu."

Kule dirishani gazeti lilitikisika, kama mtu anakohoa nyuma yake. Manan alilifikiria neno lile. Akatoa futi mfukoni, akaanza kupima ukutani pa kuweka meza ya tatu.