Msumeno Ambao Jirani Hakuusikia

Ng'ombe alikuwa ameshauzwa, na pesa zake zilitosha mashine moja tu, kwa hivyo hatukupaswa kukosea. Mjukuu wangu Fridah alimaliza masomo ya useremala mwaka huu, na kanisa letu hapa Kabuchai limempa kazi ya kutengeneza viti ishirini vyenye migongo ya kupinda. Akiviharibu, watatafuta fundi mwingine.

Tulienda Kitale kwa Kabiru, anayeuza mashine za mbao. Alikuwa na misumeno miwili ya mkanda wa chuma unaozunguka: mmoja mkubwa kunishinda kimo, mwingine mdogo wa kuweka juu ya meza.

Akawasha ule mkubwa. Ulinguruma hadi mabati yakatetemeka, nami nikaupenda. Kwetu posho mill huchaguliwa kwa masikio. Ile inayosikika ng'ambo ya mto ndiyo wanawake huipelekea mahindi.

"Huu," nikasema.

"Shosho anajua vitu," Kabiru akasema; kwao bibi ni shosho.

Fridah akanyamaza. Huyo akinyamaza mimi huhesabu amekubali.

Nilikuwa nimebeba kwa kiondo mbao mbili za migongo ya viti, ambazo Fridah alikuwa amezichora kwa penseli. Nikampa ubao mmoja aukate. Mkanda ulikuwa mpana kama vidole viwili, na ulipofika kwenye kona ulikataa kupinda. Ubao ukaruka. Fridah akarudisha mikono kifuani, Kabiru akazima.

"Ni kuzoea tu, bana," akasema.

Nikahesabu vidole vya Fridah. Kumi. Marehemu babu yake alizikwa na vinane, na alikuwa fundi miaka thelathini.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega, Kukhu," akasema, maana kwetu bibi ni kukhu.

"Nyoka wangu hana kichwa wala mkia, ana meno mwili mzima, anakula miti na hashibi."

"Si ni huo mkanda. Hicho ni rahisi."

"Basi kuna kingine, na jibu lake sina. Kati ya nyoka hawa wawili, ni yupi unaweza kumlisha bila kuogopa?"

Akaonyesha ule mdogo. Kumbe aliutaka tangu tulipoingia. Mkanda wake ni mwembamba, unafuata kona. Kinga yake inashuka hadi karibu na ubao. Tena unatumia stima ya nyumbani, na ule mkubwa unataka stima yenye nguvu kama ya posho mill.

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa umeshasema, Kukhu."

Akakata ubao mwingine kwa ule mdogo. Mstari wa penseli ulifuatwa wote.

"Mkipata magogo makubwa mtarudi," Kabiru akasema.

"Nitarudi nikiwa najua kazi," Fridah akamjibu, nami nikalipia ule mdogo.

Alhamisi jirani yetu Nakhungu akaingia uani kutupa pole, ati mashine imekufa, kwa sababu hasikii kitu. Nikamwonyesha migongo sita imeegemea ukuta, na Fridah ameinama juu ya wa saba.

Nakhungu akashika mmoja, akaupapasa kona. "Na kabati la vyombo, mnaweza?"

"Muulize fundi mwenyewe," nikasema.