Kona ya Chini ya Bustani

Mimi ndiye niliyemfundisha Dalmas kushika brashi. Nimepaka kuta Mombasa, Maskati na Dubai kabla ya Jeddah, na yeye alipoingia chumbani kwetu, mtaani Karantina, hakujua hata kukoroga rangi. Sasa anatunza maua hotelini. Jioni anachora kwa vijiti vya pamba, vile vya masikio. Miezi minne alidonoa kipande cha plaiwudi kama kuku, nukta baada ya nukta, nami nikimcheka.

Siku alipouegemeza mchoro ukutani, nilikuwa mlangoni navua viatu. Kuinua macho, kicheko kikaniishia. Bustani ya Ulaya, njia zimenyooka, miti imepangwa mistari, majani mekundu na ya dhahabu yanakaribia kudondoka. Aliiona kwenye kalenda tu. Mimi niliyepaka kuta miji yote ile sijawahi kumnyamazisha mtu kwa kazi yangu.

Picha ya mchoro huo ilizunguka kwenye grupu la WhatsApp la Wakenya mpaka kwa Eucabeth, mfanyakazi wa ndani kule Al-Naseem, Riyadh. Madam wake alikuwa anaandaa maonyesho ya sanaa, akautaka mchoro wenyewe. Kwa kuwa nina Kiarabu, nilizungumza naye mimi. Kafili wa Dalmas, mwajiri anayeshika vibali vyake, alimnyima ruhusa ya kusafiri, basi nikaupeleka mimi.

“Mzee Nahashon,” Dalmas aliniambia, “hakikisha wanaandika jina langu.”

Alikuwa amelibandika nyuma, kwenye kikaratasi. Ndani ya basi nikakibandua, nikakitia mfukoni.

Madam alikuja kunipokea stendi akiendesha gari mwenyewe. Ulikuwa mwaka ule wanawake wa huko walipoanza kuruhusiwa kuendesha. Nyumbani kwake akauliza nani amechora. Nikasema mimi. Akafurahi, kisha akaona kona ya chini imechubuka safarini. Akaniletea rangi, akaniomba niitengeneze palepale.

Nilifanya nilivyozoea. Nikachanganya nyekundu na njano kwenye kisahani mpaka nikapata rangi ya chungwa ya majani yale, nikaweka nukta zangu kwa utaratibu. Kwa karibu, hukuona tofauti.

Eucabeth akatokea jikoni na chai, akasimama mbali.

“Mzee wangu, mbona hapo chini pamekufa?”

Nikaenda aliposimama. Kote majani yalikuwa yanawaka. Dalmas hakuchanganya kitu; aliweka nyekundu kando ya njano, macho ndiyo yakachanganya. Kona yangu ilikuwa ukuta uliopakwa vizuri.

Madam naye akarudi nyuma, akatazama, akaniuliza taratibu aliyechora sehemu nyingine ni nani.

Nikatoa kikaratasi mfukoni. Sijui kwa nini sikukitupa.

Hakunifokea. Alisema atampigia kafili mwenyewe, Dalmas aje airekebishe kona.

“Halas, yaishe, mzee, kunywa chai,” akasema Eucabeth. “Fundi wa kuta naye ni fundi.”

Sikuinywa. Njia nzima ya kurudi Jeddah nilimwona akilini Dalmas amekaa kwenye zulia la madam, kijiti cha pamba mkononi, anazifunika nukta zangu, moja moja, bila haraka.