Ngazi ya Mlango wa Nyuma

Gari la Benedict lilikuwa Rav 4 ya kijivu, iliyokwisha kutumika Japani, na pale Katesh hakukuwa na Rav 4 nyingine iliyoinuka juu kama hiyo. Alilinunua mwaka uleule lami ya Singida ilipopita mjini. Hata kabla hajalizoea vizuri, akalipeleka kwa fundi Isidori akamwambia aliinue. Isidori akaweka spesa, vile vipande vya chuma vinavyokaa juu ya springi, na tangu hapo gari likawa linavuka makorongo ya Gehandu bila kugusa tumbo chini. Benedict alimsimulia habari hiyo kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Mwaka wa pili akaugua homa ya mapafu, akalazwa, na kabla wiki haijaisha akafariki.

Mkewe, Evaline, alibaki na gari, na duka la dawa za mifugo karibu na stendi, na binti mmoja, Glory, aliyekuwa anasoma bweni Babati. Alibaki pia na safari ya baba mkwe.

Mzee huyo aliishi Gehandu na mke wake mdogo. Wanawe wengine walikuwa wamehamisha ng'ombe kufuata malisho upande wa Singida. Yeye alibaki kwa sababu ya nyonga. Fahali alimbana kwenye josho, mfupa ukaunga vibaya, na mguu wa kulia ukawa haupandi juu ya goti la mwenzake. Juu ya hayo alikuwa na kisukari, kwa hiyo kila mwezi ilibidi aende kliniki Katesh. Benedict alipokuwa hai alimbeba baba yake mikononi akamweka kwenye kiti, wakacheka wote wawili, safari ikaanza.

Evaline hakuweza kufanya hivyo. Alikuwa Mwiraqw wa Endagikot, alikuja kuolewa kwa Wadatoga akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, na jambo la kwanza alilofundishwa na mawifi ni namna ya kukaa na baba mkwe. Humgusi. Humtazami usoni. Hulitaji jina lake, wala neno linalofanana na jina lake. Pale kliniki muuguzi alipouliza mgonjwa anaitwa nani, Evaline alimpa kadi, akatazama dirishani. Ndani ya gari mzee alikaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, yeye mbele kwenye usukani, na walipoongea waliongea wote wakitazama barabara. Waliongea Kiswahili, kwa sababu kilikuwa cha kuazima kwa wote wawili.

Asubuhi, pale Gehandu, jirani aitwaye Sulle alimpandisha mzee. Mchana, pale hospitali, Evaline alitafuta mwanamume yeyote aliyekuwa amesimama bure.

Msibani hakulia. Wengine walisema ana moyo mgumu. Yeye alijua si ugumu. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi: unauona pale, ni wako, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine. Aliamka, akafungua duka, akawapimia watu dawa ya kupe, akafunga duka. Siku ya kliniki ilipofika, aliwasha gari.

Miezi kadhaa ikapita hivyo, mpaka siku moja ya kiangazi, wakati wa kurudi. Walikuwa wameacha lami, wamevuka korongo la kwanza, mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba anaomba kushuka. Evaline akasimamisha gari, akatembea mbele akampa mgongo. Kushuka hakukuwa shida; mzee aliteleza tu kwenye kiti mpaka miguu ikafika chini. Shida ilikuwa kurudi. Alisikia fimbo ikigonga bati, akasikia pumzi, kisha kimya.

"Mama Glory," mzee akasema, "haiwezekani."

Barabara ilikuwa tupu huku na huku. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, na wanaume wote wa upande ule walikuwa huko. Evaline akaokota mawe, akayapanga chini ya mlango, akasogea mbali. Mzee akakanyaga, mawe yakaachana, akashika mlango asianguke. Evaline akayapanga tena, mapana zaidi. Yakaachana tena.

"Nenda wewe," mzee akasema. "Utamkuta mtu mbele, umtume."

"Siwezi kukuacha hapa, baba."

"Basi tukae."

Wakakaa. Mzee aliketi chini kivulini mwa gari, upande wa kushoto. Evaline aliketi kivulini hapohapo, upande wa boneti, akiangalia kwingine. Vumbi lilipita. Mlima Hanang ulikuwa nyuma yao na wingu lake. Evaline alijua kwamba mtu mwingine angeona aibu, au huruma, au angekasirika. Alijitafuta ndani akakuta hakuna kitu, ila kiu kidogo.

Baada ya muda mrefu mzee akauliza, "Hivi Benedict aliliinua gari hili kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya njia ya kuja kwako, baba. Lilikuwa linakwama."

Jua lilipoanza kulala, likaja lori la vitunguu, utingo akaruka chini, akamnyanyua mzee mara moja kama mzigo, akapiga bati kwa kiganja kuashiria imetosha. Evaline akamshukuru.

Kesho yake Evaline alikwenda kwa Isidori. Gereji yake ilikuwa uwanja wenye mafuta chini, magari mawili juu ya magogo na mashine ya kuchomelea. Isidori alimpa pole tena, kama alivyompa kila walipoonana, akasikiliza.

"Kuna njia mbili," akasema. "Ya kwanza, nitoe zile spesa. Gari lishuke, lirudi lilivyotoka kiwandani. Mzee atapanda, si kwa raha sana, lakini atapanda."

"Na njia ya Gehandu?"

"Utakwama. Kiangazi utapita kwa kuchagua, masika hupiti."

"Ya pili?"

"Ngazi za pembeni. Zile ndefu, unakanyaga kwanza ndiyo unaingia. Nakutengenezea kwa bomba na bati, au tuagize Arusha zilizo tayari." Akachuchumaa, akapitisha mkono chini ya mlango. "Lakini angalia. Zinashuka mpaka hapa. Urefu wote alioutafuta marehemu, ngazi inaula. Utaingia korongoni, ubavu utagonga, utaziacha hukohuko. Mimi ningekushauri spesa zitoke. Ni kazi ya asubuhi moja."

Evaline akasema atafikiri. Akaendesha akarudi dukani, na hakufikiri. Shemeji yake alipopiga simu kutoka Singida alisema gari liuzwe, mzee apande bodaboda. Mama yake, kwa simu kutoka Endagikot, alisema mtu mzima huwekewa ngazi, mbona hata altareni wameweka. Mteja mmoja aliyekuwa ananunua sindano alisema ngazi ni urembo wa watu wa mjini, zinaokota tope tu. Evaline aliitikia wote. Alitazama gari kupitia mlango wa duka, akajaribu kujua kama ingemuuma kuona kazi ya mumewe ikitolewa kwa spana. Mwezi ukaisha gari likiwa vilevile.

Siku ya kliniki, Sulle alimpandisha mzee, wakaondoka. Katikati ya njia Evaline akamweleza maneno ya Isidori yote, ya spesa na ya ngazi, akamwuliza anaonaje, maana anayepanda ni yeye.

Mzee akasema, "Mimi naona niache kwenda."

"Daktari amesema usiache, baba."

"Daktari ana kazi yake." Fimbo ikagonga sakafu ya gari taratibu. "Wewe unakuja kila mwezi. Unakuja kwa ajili yangu, au kwa ajili ya mwanangu?"

Evaline alipunguza mwendo kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi walipopita alisema, "Sijui, baba. Siku ikifika nakuja."

"Na mimi sijui. Siku ikifika navaa shuka, nakungoja." Wakaenda kidogo. "Huwa najiuliza kwa nini silii. Nimewahi kulilia ng'ombe mimi. Mwanangu sijamlilia."

Hapo Evaline alitamani kugeuka, akajizuia. Alisema tu, "Na mimi hivyohivyo."

Walifika korongo la kwanza, wakashuka, wakapanda. Gari halikugusa chini.

"Siku ile pale barabarani," mzee akasema, "ungenishika tu. Nilikuwa nataka kukuambia nikashindwa. Mimi ni mzee, mambo yamebadilika, na njiani hakukuwa na mtu wa kuona. Mimi mwenyewe nakuruhusu. Nishike, unipandishe, mambo ya ngazi tuyaache."

Ilikuwa ruhusa kubwa. Evaline aliujua ukubwa wake. Mawifi wangeisikia wangeshika vinywa. Ingemaliza kila kitu, bila fundi, bila kusubiri lori. Aliendesha mpaka lami, akasimama kabla ya kuingia, ingawa hakuna gari lililokuwa linapita.

"Baba, siwezi."

"Unaogopa watu?"

"Siogopi watu." Alitafuta maneno, na yalikuja polepole. "Benedict hayupo. Mahari ilikwisha kulipwa, kwa hiyo hakuna anayenidai wala ninayemdai. Glory atakua, ataolewa kwake. Mimi nikikushika kama anavyokushika utingo, nitakuwa nani kwako? Nitakuwa dereva."

Evaline akaingia barabarani, na walikuwa wamekaribia hospitali mzee aliposema, "Basi weka ngazi."

"Fundi anasema itang'oka."

"Iking'oka ataiweka tena. Si ndiyo kazi yake?"

Kesho yake Evaline alimwambia Isidori kwamba spesa zisiguswe. Anataka ngazi moja tu, fupi, chini ya mlango wa nyuma wa kushoto, na mpini wa chuma wa kushika, ndani ya mlango.

"Moja?" Isidori akauliza. "Gari litaonekana limepinda. Watu watadhani ya pili imeanguka."

"Wadhani."

"Na upande wako wewe?"

"Mimi napanda."

Isidori alikuna kichwa, lakini alipoanza kupima alipata hamu ya kazi. Ngazi fupi ingeweza kukaa karibu na fremu, akasema, ikasogea ndani kidogo, na ikipigwa itakunjika kabla ya kung'oka. Akachomelea bomba nene, juu yake akaweka bati lenye vinundu ili mguu usiteleze. Akapaka rangi nyeusi. Kweli gari lilionekana limepinda.

Mwezi uliofuata Sulle alikuja kama kawaida, akakunja mikono ya shati. Mzee akamwambia akae. Evaline akafungua mlango wa nyuma, akaenda kusimama mbele ya gari, mgongo kwao, macho kwenye zizi. Alisikia fimbo ikiegeshwa. Alisikia mpini ukilia kwenye skrubu zake. Sulle akajikohoza, kisha gari likalala upande wa kushoto, likainuka tena, na mlango ukafungwa kutoka ndani.

"Twende," mzee akasema.

Korongoni ngazi iligonga jiwe kwa kishindo. Walifika Katesh ngazi ikiwa imekunjika pembe moja, na Isidori akainyoosha kwa nyundo huku mzee akiwa amekaa palepale kitini. Aliinyoosha mara nyingi baada ya hapo. Haikung'oka. Kliniki ziliendelea, sukari ikapanda ikashuka, masika yakafunga njia yakaifungua.

Mavuno ya mbaazi yalipokwisha, mzee akamwomba Evaline jambo asilolitarajia. Alitaka kupelekwa Endagikot kuwasalimu wazazi wa Evaline. Mahari ilipopelekwa miaka ile, walikwenda kaka zake mzee. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika.

Walipita Dareda, wakapanda mwinuko mkali mpaka Dongobesh, hewa ikawa baridi, mashamba yakawa ya kijani mpaka juu ya vilima. Mzee alitazama nje, kibuyu cha samli katikati ya magoti. Endagikot baba yake Evaline, Mzee Tluway, na mama yake, Juliana, walikuwa wamesimama mlangoni wakiwa na nguo za kanisani. Evaline alizima gari, akasogea pembeni kama kawaida yake. Mzee akafungua mlango, akashusha mguu mzuri kwenye ngazi, kisha ule mbovu, kisha ardhini. Akanyoosha shuka lake, akachukua fimbo na kibuyu, akawaendea wenyeji bila kushikwa na mtu.

Wazee wawili waliketi uani juani. Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha shida, kwa hiyo waliongea kidogo, kuhusu ng'ombe na mvua, wakanyamaza sana. Evaline aliingia jikoni kumsaidia mama yake. Alipewa kigoda karibu na moto, akapewa sinia la maharage achambue. Alichambua konzi moja, ya pili. Jikoni kulikuwa na joto na moshi wa kuni, na nje sauti za wazee ziliinuka zikatulia.

Mama yake alipogeuka kuchukua sinia alimkuta ameegemea ukuta, mdomo wazi, amelala fofofo. Juliana alilitoa sinia mapajani mwake, akamfunika kitenge, akasonga ugali peke yake. Mzee Tluway alipokuja kuuliza chakula, mkewe akajiwekea kidole mdomoni.

Uani, mgeni akauliza kama kuna shida.

"Hakuna," Mzee Tluway akamjibu. "Binti amelala."

"Mwacheni," mgeni akasema. "Tutaondoka kesho."