Barafu ya Luanda Kotieno

Mwaka wa 1998, Zeituni Abeid ndiye aliyekuwa mtu pekee katika Idara ya Visima na Magati mjini Kisumu aliyejua kuifanya modemu iache kupiga kelele na ianze kazi. Kwa sababu hiyo tu, mkubwa wake, Bwana Dalmas, alimtoa kwenye kupiga chapa akamfanya msimamizi wa tovuti. Cheo kilikuja na kiti cha kuzunguka, basi.

Tovuti yenyewe ilikuwa na kurasa tatu: picha ya jengo, picha ya Bwana Dalmas, na habari. Habari za sherehe ziliandikwa kabla ya sherehe, kama zilivyoandikwa miaka yote. Hotuba ilijulikana, mgeni rasmi alijulikana, hata makofi yalijulikana. Sherehe ikiharibika, Zeituni aliwapigia simu watu wa magazeti akawaambia, "Ile ya leo itupeni," na mambo yakaishia hapo.

Ijumaa moja ya Aprili, mashine ya barafu ilikuwa izinduliwe kwenye ufuo wa Luanda Kotieno, ili wauza samaki wasiendelee kuharibikiwa na mbuta wao juani. Zeituni alikuwa ameshaandika: "Tani mbili za barafu zimeanza kutoka kila siku. Kina mama walipiga vigelegele." Asubuhi mapema, laini ya simu ikiwa nzuri, akaituma kwenye tovuti. Saa nne mvua ikashuka. Lori likazama kwenye matope kabla hata halijafika mbali, mgeni rasmi akageuza gari, na mashine ikarudishwa ghalani ndani ya sanduku lake la mbao.

"Iondoe ile habari," Bwana Dalmas alisema.

"Nimejaribu, mzee. Laini imekufa."

"Basi iache. Nani ataisoma? Kisumu nzima ina kompyuta ngapi?"

Jumatatu asubuhi Mama Seline, mwenyekiti wa wauza samaki wa Luanda Kotieno, aliingia ofisini na wenzake watatu. Walibeba vikapu viwili vya samaki. Mama Seline alitoa karatasi ya faksi iliyokunjwa mara nne, akaitandaza mbele ya Zeituni.

"Mtoto yangu Joram iko Kanada," alisema. "Amepiga simu kwa duka, anacheka tu. Ati, Mama, nimeona barafu yenu kwa kompyuta! Nikamuuliza, barafu gani? Ndio akatuma hii karatasi kwa misheni."

"Mama, samahani, ile habari..."

"Ngoja, nyathina, mtoto yangu. Hapa inasema nimepiga vigelegele. Nilipiga saa ngapi?"

Zeituni alibana midomo asicheke. Kisha akayatazama maneno yake mwenyewe, magamba ya samaki yamenata juu yake, na kicheko kikamkauka. Hakuwahi kuwaza kwamba wale "kina mama" wake walikuwa na majina na macho ya kusoma.

Bwana Dalmas alitoka chumbani kwake akitabasamu. "Mama, hiyo ilikuwa habari ya matarajio."

"Na hii samaki ni ya matarajio? Nusa."

Mlango wa Bwana Dalmas ulikuwa umebaki wazi. Kilikuwa chumba pekee chenye mashine ya kupoza hewa. Mama Seline alichungulia, akahisi ubaridi usoni, akawageukia wenzake. "Hapa iko baridi mzuri. Samaki italala hapa mpaka barafu ifike."

Hakuna aliyewahi kukatazwa kuingiza samaki ofisini, kwa hiyo hakuna aliyejua amri ya kutoa. Vikapu vikawekwa kando ya meza, chini ya bendera.

"Zeituni, fanya kitu!" Bwana Dalmas alinong'ona.

"Nitaandika kwamba mashine haijafika."

"Serikali ijikane mbele ya dunia nzima?"

"Ijumaa, mzee, dunia nzima ilikuwa haisomi."

Kufikia saa sita harufu ilikuwa imefika ghorofa ya juu, na Bwana Dalmas alikuwa kwenye simu akiomba lori kwa sauti ambayo Zeituni hakuwahi kuisikia kwake. Wakati huo huo laini ya pili, ile ya kompyuta, ikashika. Zeituni akaandika upesi, asije akaghairi: "Habari ya Ijumaa haikuwa ya kweli. Mashine ilikuwa ghalani. Aliyeandika ni mimi, Z. Abeid." Akabonyeza. Bwana Dalmas aliisoma siku ya pili, akavuta pumzi, akasema tu kwamba angeweka nukta vizuri zaidi.

Jumatano mashine ilifungwa ufuoni Luanda Kotieno. Zeituni alienda mwenyewe na daftari lake. Barafu ilitoka nusu tani, si mbili, na nusu ndiyo aliyoandika. Kina mama waliwafunika samaki, wakamshukuru, "Ero kamano, nyathina," mmoja baada ya mwingine.

Alipokuwa akiondoka Mama Seline alimvuta kando.

"Sasa andika choo."

"Choo gani, Mama?"

"Hapa hakuna. Andika imejengwa. Milango nne, rangi nyeupe. Joram akiona, choo itakuja."

Zeituni alicheka mpaka akajishika kiuno. "Siwezi kuandika ipo, Mama."

"Basi andika hakuna."

Hilo liliwezekana. Zeituni alifungua daftari tena, akauliza ni watu wangapi hufika ufuoni hapo kwa siku.