Kitufe cha Hayupo

Ulimwona, ukageuza uso. Mzee wa koti la kaki, bahasha ya plastiki kwapani, amesimama dirishani pa ofisi ya wilaya tangu asubuhi, na wewe ulikuwa nyuma yake kwenye foleni. Ukainamia simu yako. Ukajisemea, hawa wazee na kompyuta, basi tena. Ukahudumiwa, ukaenda zako. Sasa sikiliza ulichokiacha pale.

Anaitwa Filipo, mkulima wa alizeti wa Issuna, mjane, aliyebaki na binti mmoja. Luciana alikuwa na miaka kumi na tisa, na figo zake zilikuwa zimegoma. Mara mbili kwa wiki damu yake ilisafishwa kwa mashine hospitalini mjini, ndiyo maana alihamia kwa shangazi yake, Anastazia, anayekaa jirani na hospitali hiyo. Kilichomfungulia mlango wa mashine ni kadi ya matibabu ya kaya. Kadi ikizimwa, na mashine kwake imezimwa.

Mwaka huu likatoka tangazo: kila mkuu wa kaya ahakiki watu wake mwenyewe, kwenye mfumo wa kompyuta unaoendesha kadi hizo. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Mughwai, balozi wa nyumba kumi, na daftari lake la shule lililolika pembe. Mughwai alifika, akapewa kigoda, akauliza jina moja moja. Ukimwambia fulani hayupo, kalamu inasimama. "Hayupo, amekwenda wapi?" Ukimjibu Shelui, anaandika Shelui. Ukinyamaza ukatazama chini, anavua kofia, halafu anaandika neno lingine. Mughwai akawekwa kando na daftari lake. Mfumo ukazinduliwa kwa ngoma na fulana za bure.

Filipo akaenda sokoni kwa Rebeka, mwenye steshenari. Akapewa kompyuta, lakini kusaidiwa hakutaka.

"Darasa la saba la zamani hili, Rebeka. Siyo hilo lenu la kuchagua a, b, c."

"Haya mzee wangu, bonyeza basi, wenzako wanaota mizizi huku nje."

Likatokea jina la Luciana, na chini yake vitufe viwili: YUPO, HAYUPO. Filipo akafikiri sana. Serikali haidanganywi. Akisema yupo, kesho wakija kukagua wakakuta kitanda kitupu, atajibu nini? Akabonyeza HAYUPO. Kompyuta ikamshukuru kwa ushirikiano wake. Haikumuuliza amekwenda wapi.

Waliouchora ukurasa ule, kwenye ofisi yao yenye kiyoyozi, waliona neno "amefariki" ni kali mno kumwekea mfiwa mbele ya macho. Wakatafuta neno laini, wakalipata, wakapongezana. Hakuna hata mmoja aliyepanda basi kuja kukaa kando ya mtu wa Issuna, amwangalie akilisoma.

Jumatatu muuguzi aliingiza kadi ya Luciana, kompyuta ikaikataa: mwenye kadi amefariki. Luciana akampigia baba yake, anacheka huku pumzi zinamkatika.

"Shikamoo baba. Ndiyo nini kuniua bila taarifa? Ungetuma hata meseji nijiandae."

"Marahaba mwanangu. Nani kakuua?"

"Wanasema mkuu wa kaya."

Muuguzi akamsafishia damu siku hiyo kwa huruma, kimyakimya. Mara iliyofuata wakubwa wake walimkataza: bila kadi hai, hakuna mashine.

Filipo akakimbilia wilayani. Dirishani alikuwa Christopher, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee. Kufuta kifo, inabidi marehemu aje mwenyewe aweke kidole."

"Marehemu gani huyo anakuja mwenyewe?"

Christopher akasikia mwenyewe alichosema. Akashusha sauti. "Ndivyo mfumo ulivyopangwa, mzee wangu. Au tupeleke maombi makao makuu. Siku kumi na nne za kazi."

"Binti yangu hana siku kumi na nne."

"Naelewa, mzee."

"Hujaelewa. Futa."

"Sina pa kufutia. Kweli nakwambia, sikupewa."

Siku ya tatu Anastazia alimleta Luciana kwa gari la kukodi. Wakamshika huku na huku mpaka dirishani. Vidole vilikuwa vimevimba maji. Akaweka kimoja, kingine, vyote kumi, kioo cha kusomea alama za vidole hakikusoma hata kimoja. Filipo akavifuta kwa pindo la koti lake, akavipuliza kama anavyopuliziwa mtoto aliyeungua. Wapi. Maombi yakatumwa makao makuu.

Kila siku alirudi dirishani kuulizia. Kila siku foleni ilimpita pembeni. Siku ya kumi na moja Luciana akafa, nyumbani kwa shangazi yake, akiwa ameshikilia mkono wa baba yake.

Matanga hayajaisha, kwenye simu ya Filipo ukaingia ujumbe. Maombi yamekubaliwa. Luciana Filipo: YUPO. Tafadhali toa taarifa mara hali ya mwanakaya inapobadilika.

Amekwenda kwa Rebeka mara mbili. Mara zote mbili ukurasa umefunguka, na Rebeka amegeukia ukutani ili asimtazame. Kidole kinafika, kinarudi. Hawezi kumwua mtoto huyo huyo kwa mkono ule ule.

Kitufe kile bado kipo, na leo hii mzazi mwingine, mwenye mtoto aliyelazwa mbali, amekaa mbele yake. Pole zako hazimsaidii. Inuka. Nenda kwa mtendaji wa kata yako sasa hivi, kabla hajafunga ofisi, aandike barua mbele ya macho yako: kitufe kiseme "amefariki" au kiondolewe, kila dirisha lipewe pa kufutia, na waliokichora waje hapa, wakae kwenye benchi la steshenari, wafunge midomo, watutazame tukisoma. Usitoke humo mpaka barua igongwe muhuri.