Nyuzi Tisini na Nne

Shule yetu hapa Olmotonyi ina vipimajoto viwili na vitabu vya Sayansi kumi na kimoja, na darasa la saba peke yake lina wanafunzi hamsini na wawili. Kwa hiyo masomo nayatafuta mtandaoni, kwa simu yangu na bando langu. Mwalimu Lesian wa Hisabati hachoki kunitania: "Madam Agnela, leo umevua nini huko?"

Wiki ile nilipata video safi kabisa. Mwalimu mwenye koti jeupe anachemsha maji, anatumbukiza kipimajoto, kinapanda hadi nyuzi mia moja kinasimama. Niliitazama mara tatu, nikaandika hatua zote ubaoni, jibu nalo nikaliandika. Kesho yake nikawasha jiko la mkaa darasani.

Brayson hata hakuinama kutazama, alinakili mia kutoka ubaoni. Nosim aliandika tisini na nne.

"Hukusubiri yachemke," nikamwambia.

"Yamechemka, Madam. Yanarukaruka."

"Rudia!"

Akarudia. Tisini na nne. Akasema kwa upole kwamba hata tukikaa hapo mpaka jioni hakitapanda. Hapo nikawaka. "Yaani wewe ndiye unajua kuliko wenye video? Kichwa kigumu wewe!" Nikampa sifuri kwa kalamu nyekundu, darasa likamcheka.

Sifuri ile ilimgharimu. Shule ilikuwa ipeleke mwanafunzi mmoja kwenye mashindano ya sayansi mjini, akapime vitu na kusoma vipimo mbele ya majaji, na mshindi angesomeshwa bweni hadi kidato cha nne. Tangu Januari jina lilikuwa la Nosim. Nikalikata, nikaandika Brayson.

Jumatano jioni nilikuwa naongea kwa simu na dada yangu Rachel, aliyeolewa Tanga. Nikamlalamikia makande: saa tatu nzima yako jikoni na maharage bado magumu. Akacheka. "Huko kwenu mlimani hayaivi upesi. Mimi huku mbona mapema tu nimeshaepua?"

Nikakata simu, nikaanza kutafuta upya. Nikapata ukurasa wa walimu wa nyanda za juu, una jedwali: ukipanda mlima hewa inapungua uzito, na maji yanachemka kabla ya kufika mia. Nikatafuta kimo chetu humo kwenye jedwali. Tisini na nne. Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Asubuhi nilimwendea Mwalimu Mkuu, nikamwambia nataka kumrudisha Nosim. Akasema sawa, ila asome kipimo mbele yake, ajiridhishe, maana majina yanaondoka kesho. Kwa nini sikumwambia kosa lilikuwa langu? Kiburi tu. Nilijiambia mtoto akisoma tisini na nne, nitaeleza habari za mlima kama somo jipya na yataisha hapo. Na Nosim mwenyewe sikumwambia kitu.

Maji yakachemka. Nosim akaamkia, "Shikamoo, Mwalimu Mkuu," akasogea mezani. Akainama, akakitazama kipimajoto kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi.

"Mia moja," akasema.

"Tazama vizuri, mwanangu," nikamwambia.

Safari hii hakuinama kabisa. "Ni mia moja, Madam. Siku ile nilikosea."

Mwalimu Mkuu akavaa miwani, akasoma mwenyewe, akaguna. "Tisini na nne hii. Madam Agnela, huyu hata kusoma kipimo hajui." Akafungua kalamu yake, akaivuta ile karatasi ya majina.

Nikaweka mkono wangu juu ya karatasi.

"Anajua," nikasema. "Juzi alisoma sawasawa, nikampa sifuri. Huu uongo nimemfundisha mimi."