Kanoni Aliyehesabu Ng'ombe

Kwa heshima na masikitiko makubwa natangaza kifo cha Kanoni Évariste Dumoncourt, padri, msafiri, mwanahistoria, rafiki wa vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, mtu aliyevuka mito kumi na minne bila kulowesha soksi. Alifariki siku ya Jumamosi, saa mbili asubuhi, katika ukumbi wa chakula wa shule yetu, mbele ya sufuria ya uji, akiwa na umri wa siku kumi na moja.

Hakuacha mjane wala kaburi. Aliacha kurasa mbili za kaye, daftari langu la shule, zilizolowekwa kwenye chai ili zionekane kuukuu, na aliniacha mimi, Byukusenge, msichana wa mwaka wa nne, niliyemzaa kwa kalamu ya biki ya buluu saa ya mapumziko, wakati wenzangu wakikoroma.

Kuzaliwa kwake kulisababishwa na mapenzi. Kilabu chetu husoma kitabu kimoja kila muhula, na muhula uliotangulia tulikuwa tumesoma riwaya ya wapendanao. Barua zilizokamatwa chini ya magodoro zilionyesha kwamba tuliielewa kupita kiasi. Madame Joséphine-Marie, mwalimu wetu wa historia, akaamuru kwamba tangu siku hiyo ni historia na safari tu, mambo yaliyotokea kweli kwa watu waliokuwepo kweli. Mwenye kitabu cha kupendekeza asimame akieleze, kisha tupige kura. Kitakachoshinda kitaletwa kutoka Goma na Papa Nzabandora, mwenye kamyo, ambaye kila Jumamosi hupakia viazi Ngungu na kunywa uji wetu kabla ya kushuka.

Sisi hupiga kura kwa maharagi. Mama Mukandori, mpishi, hugawa punje moja kwa kila mtu aliyefika, awe mwanafunzi au mlinzi wa lango, na vikombe vya bati hupangwa mezani, kila kikombe na kitabu chake. Hesabu ikishatangazwa, anakusanya punje zake na kuzitia sufuriani. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kura zirudiwe. Tumeshakula chaguzi tatu mpaka sasa, na zote zilihitaji chumvi.

Jumapili ile, baada ya misa, wa kwanza kusimama alileta piramidi. Wa pili alikuwa Habumugisha.

Habumugisha anatoka Buleusa, upande wa Walikale, na hukunja shuka lake kama bahasha. Kitabu hakuwa nacho mkononi. Alikuwa na habari zake tu, kutoka kwa Papa Nzabandora, aliyekipiga picha kwa simu kwa muuza vitabu mmoja wa Goma: jalada la kijivu, Kifaransa, historia ya barabara inayotoka vilimani kuingia msituni. Nakala ilikuwa moja tu, na muuzaji alikubali kuiweka mpaka Jumamosi, si zaidi. Habumugisha alisimama wima akatupa kilomita, akatupa miaka, akatupa idadi ya madaraja. Idadi ya madaraja aliitaja mara mbili. Mtu mmoja nyuma alipiga mwayo uliosikika mpaka jikoni.

Kisha nikasimama mimi.

Niulizwe kwa nini, jibu langu ni lile lile nililompa Madame baadaye: nilitaka kuona. Nilitaka kujua uongo unaweza kutembea umbali gani kabla ya kuulizwa kitambulisho. Mpango ulikuwa kusoma, kushinda, kufichua, kucheka, na kufyeka nyasi siku mbili kama adhabu. Nikakohoa kikanoni, nikafungua kurasa zangu za rangi ya chai, nikasema kwamba hii ni safari ya mwaka 1934, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mtu asiyependa kutajwa.

Kanoni alipanda mpaka Ngungu, akala viazi ambavyo, aliandika, "hupasuka vyenyewe kwa furaha vikiguswa na chumvi." Alishuka mpaka Mubi, akalala kibandani akisikiliza msitu ukidondoka matone ingawa mvua ilikuwa imekwisha. Alifika Buleusa, ambako "mvua husikika juu ya majani muda mrefu kabla ya kumlowesha mtu, hata mgeni akapata nafasi ya kumaliza sentensi yake na kuingia ndani."

Nilipomaliza, niliinua macho nikisubiri kicheko cha kwanza. Hakikuja.

"Ngungu?" akauliza Mama Mukandori. "Hii Ngungu yetu?"

"Njo hiyo, Mama."

"Iko ndani ya kitabu?"

"Iko."

Akaketi, mwiko mapajani. "Soma tena pale pa viazi."

Nikasoma tena pale pa viazi. Kanoni alipata punje kumi na tisa, barabara tatu, piramidi moja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kufichua mzaha wangu nilipomwona Mama Mukandori akipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Alikuwa amepika miaka ishirini katika shule yenye kabati zima la vitabu, na hakuna kimoja kilichowahi kutaja mahali alipozaliwa. Nikaufunga mdomo. Nilijiambia nitafichua kesho.

Kesho ilikuja na maswali. Kanoni alikuwa mfupi ama mrefu? Mrefu, nikasema, mwenye ndevu. Aliwahi kupanda chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao? Aliipanda, akashuka nayo kilima kizima, akapoteza kofia. Alijua Kihunde? Salamu tu. Kila jibu lilimwongezea nyama, na mimi, nakiri, nilianza kumwonea shauku kama wengine. Usiku nililala nikijiuliza alikwenda wapi baada ya Buleusa. Madame peke yake hakuuliza mengi.

"Kilichapwa wapi, hiki kitabu?"

"Ubelgiji, Madame. Katika mji mdogo."

"Mdogo sana, naona," akasema, akaendelea kusahihisha kaye zake.

Alhamisi zamu ya kuosha sahani iliniangukia pamoja na Habumugisha. Maji ya bomba yalikuwa baridi ya kukata vidole, nikaona nimchangamshe.

"Ile kitabu yako, madaraja ni ngapi tena?"

"Usinicheke, Byukusenge."

"Sikucheke. Niambie. Kuko nini ingine ndani, zaidi ya madaraja?"

Alisugua sahani moja pande zote mbili.

"Kuko picha. Ukurasa wa themanini na nane. Papa Nzabandora alinionyesha ku simu. Wanaume wamesimama na majembe, musururu murefu. Mumoja ameweka mukono kwa kiuno hivi." Akaonyesha, na maji yakamtiririka kiwikoni. "Baba yangu anasimamaka vile vile."

"Ni babu yako?"

"Alifanya kazi ku ile barabara, akiwa kijana. Alikufa mbele nizaliwe, na nyumbani hatuna picha yake hata moja. Sijue kama ni yeye. Ku simu haionekane muzuri. Njo nilitaka kujua."

"Sasa kwa nini hukusema mbele ya watu?"

"Madame alisema tuchague kitabu. Hakusema tuchague babu yangu."

Nilitafuta neno la kufariji, nikapata la kijinga. Nikamwambia angalau alipata punje tatu, na ile yake mwenyewe ikiwemo.

"Yangu haikuwemo," akasema. "Niliitia kwa Kanoni."

"Wewe? Kwa nini?"

"Alifika kwetu. Alisikia mvua juu ya majani." Akatabasamu kidogo, akitazama sahani. "Nilifikiriaka ni sisi peke yetu tunaisikiaka."

Hapo nilikumbuka nilikoitoa ile mvua. Niliitoa kwake. Alinisimulia yeye mwenyewe mwaka wa kwanza, kwenye foleni ya chakula, ili kusahau njaa. Nami niliiweka kichwani, nikaivalisha kanzu na ndevu, nikamrudishia kama ya Mzungu. Na yeye, kwa kuifurahia, alimnyima babu yake kura.

Niliosha sahani moja mara tatu.

Mtu mwenye moyo angekwenda moja kwa moja kwa Madame. Mimi nilibuni mpango mwingine, kwa kuwa mipango ndiyo ninayoweza: Jumamosi ningemvizia Papa Nzabandora langoni na kumnong'oneza alete kile cha kijivu "kwa bahati mbaya". Lakini Jumamosi Papa Nzabandora aliliacha kamyo likinguruma nje akaingia moja kwa moja kwenye uji, kama ambavyo angefanya mtu yeyote mwenye akili, na Madame akamkabidhi karatasi yenye jina la Kanoni kwa mwandiko mzuri wa kuumiza roho.

"Na kama sikipate, Madame?"

"Utatafuta Jumamosi ijayo, na ile ingine. Kura ni kura."

Habumugisha alikoroga uji wake. Jumamosi ijayo kitabu cha kijivu kingekuwa kwa mtu mwingine, na mtu mwingine angepita ukurasa wa themanini na nane bila hata kusimama.

"Basi munisomee kidogo," akasema Papa Nzabandora, "nisilete kitabu ya muntu mwengine."

"Pale pa viazi!" akapaza sauti Mama Mukandori.

Nikasimama. Wakati huo Papa Rukara aliingia na bidoni la maziwa. Papa Rukara hufuga ng'ombe kwenye malisho yaliyo chini ya bweni letu, na shule hunywa kutoka kwake. Jumapili hakuwepo, kwa sababu ng'ombe hawajui Jumapili. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, asivuruge usomaji. Nikasoma viazi. Watu wakacheka mahali walipozoea kucheka. Nikaendelea kwa mazoea, bila kufikiri, hadi kwenye aya ambayo siku ya kuandika niliijaza haraka, maana hata Kanoni huchoka kubuni na kuandika tu kilicho mbele ya macho yake kila asubuhi:

"Juu ya Ngungu nilikuta malisho ya mtu muungwana. Alfajiri nilihesabu ng'ombe wake wakitoka, wakawa arobaini na watatu, mmoja akiwa na pembe iliyopinda kuelekea sikio, kama anayejinong'oneza."

"Rudia hapo, mutoto," akasema Papa Rukara.

Nikarudia. Aliweka bidoni chini polepole sana.

Sisi wakulima tunahesabu kila kitu: matuta, magunia, miche iliyoliwa na panya. Nilihesabu ng'ombe wale kama ambavyo ningehesabu matuta, wala haikunijia kwamba nafanya jambo. Kwa wafugaji, ng'ombe wa mtu hawahesabiwi. Mwenyewe anawajua kwa majina. Jioni anawatazama wakiingia, na asiyeingia anamwona kwa pengo aliloacha. Idadi haitamkwi. Kuitamka ni kama kuwaalika wapungue. Na mimi nilikuwa nimeitamka Jumapili mbele ya shule nzima, na leo tena, mara mbili, mbele ya mwenyewe.

"Alipita mwaka gani, huyu Kanoni?"

"Elfu moja mia tisa thelathini na nne, Papa," nikasema, kwa sauti ya mazishi.

"Ile ya pembe ya kupinda inaitwa Bihogo. Nilimununua mwaka jana."

Mtu akakohoa. Madame alishusha biki yake.

"Na ile hesabu," akaendelea Papa Rukara, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, "mutoto wangu mukubwa haijue. Bibi yangu haijue. Ni muntu anaangaliaka asubuhi, kila asubuhi, wakitoka moja moja ku mulango." Alitazama dirisha, si mimi. "Alilala wapi, huyu Kanoni?"

Hapa naomba ruhusa ya kusimamisha saa kidogo, kwa sababu jibu langu ndilo la mwisho nililo nalo.

Kitabu cha kijivu kipo. Kina harufu ya mafuta ya taa, na tuko ukurasa wa sitini na moja. Kilabu kizima kimemsihi Habumugisha turuke mpaka kwenye picha, anakataa. Anasema babu hakuruka kilomita hata moja. Kwa hiyo tunalima barabara hiyo polepole, daraja kwa daraja, na sikuwahi kudhani kwamba ningeweza kukosa usingizi kwa ajili ya daraja. Mimi, kwa adhabu, kila alfajiri mpaka mwisho wa mwaka, hubeba bidoni la Papa Rukara, macho yakitazama miguu yangu. Ananifundisha majina. Nayajua mengi sasa, ila nimekatazwa kuyajumlisha. Mama Mukandori aliomba zile kurasa mbili, akazibandika juu ya gunia jikoni. Nilipomkumbusha kwamba ni uongo, alinitazama kama anayemtazama mtoto mgonjwa: "Viazi ni vya kweli."

Lakini asubuhi ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba kamyo linanguruma nje, karatasi ya Madame imo mfukoni mwa Papa Nzabandora, na Habumugisha ameshikilia kijiko hewani, akingoja kwa hamu, kama wengine wote, kusikia Kanoni wake alilala wapi.

"Alilala ku bweni, Papa," nikasema. "Kitanda yangu, ya juu, karibu na dirisha."

Kisha nikamgeukia Habumugisha.

"Na ku Buleusa hakufika. Ile mvua ilikuwa ya kwako."